Kisutu Kikiwa Juu

Ukitaka kumkasirisha jirani yetu, mwambie Ujerumani ni Berlin. Nilimjaribu siku moja kwa makusudi, nimekaa juu ya kiambaza kati ya ua wake na wetu, na yeye chini anapepeta mchele. Alipepeta mpaka nikadhani hakusikia, halafu akasema Berlin ndiko wanakokwenda watu walioshindwa kukaa kwao. Ujerumani yenyewe ni mji wake.

Mji wake ulikuwa mdogo, umejificha bondeni, na jina lake siliandiki kwa sababu hata kulitamka siwezi. Ukilijaribu unaanza vizuri, katikati unakohoa, mwisho unapiga chafya. Alikaa huko miaka mingi. Kabla yake alikuwa yaya Unguja, nyumbani kwa daktari wa Kijerumani, na mapinduzi yalipotokea daktari akakusanya mkewe, watoto wake na yaya wao, akarudi nao kwao. Baadaye Oman ilipoanza kuwaita watu wake waliotawanyika, binamu yake akamwandikia, naye akatua hapa Ibra, nyumba ya pili na yetu, na sanduku moja na magoti mabovu. Hayo ya safari zake ndiyo yote ninayoyajua. Ya mji wake nayajua kama niliyezaliwa huko mie.

Watu hawakupatana wamwiteje. Wenyeji wa mtaani walimwita Zinjibariya, kama walivyotuita sote tuliotoka upande ule. Wazanzibari wenzetu wakamwita Mjerumani. Mama yangu alimwita "huyo jirani yako," hasa siku ambazo mimi ndiye niliyevunja kitu. Kwangu basi ni Jirani.

Historia ya mji wake alinipa vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na kazi yake ya nyumbani. Moto ulikuja wakati wa kupika. Mji wake uliungua mara mbili, na mara zote mbili, alisema, chanzo ni mwanamme aliyeingia jikoni kujifanya anajua. Vita vilikuja siku ya kufua. Zamani sana, alinambia huku anakamua shuka, askari walipita wakala ng'ombe, wakala mbegu za kupanda, wakala hata mishumaa ya kanisani kwa kuwa ilikuwa ya mafuta ya mnyama. Watu wa mji wakaitosa kengele yao kubwa katika bwawa la samaki isije ikayeyushwa kuwa mizinga. Vita vilipokwisha, waliojua imetoswa upande gani walikuwa wamekufa wote. Mji ukaishi bila kengele mpaka watu wakaona kwamba bata hawapiti sehemu moja ya bwawa. Wakachimba pale, kengele ikatoka.

Nilimuuliza bata wanajuaje shaba. Akasema bata wa kwao walikuwa na akili kuliko watoto wa hapa wanaokaa juu ya viambaza vya watu.

Reli aliileta siku za kupiga pasi. Serikali ilitaka kupitisha treni karibu na mji, wakubwa wa mji wakakataa kwa hoja kwamba moshi utachachua maziwa. Treni ikapita mji wa pili, mji wa pili ukanenepa, wao wakabaki vile vile na maziwa yao. Baba yangu alicheka sana kwa hadithi hii. Alikuwa mtu wa barabara baba, akiisifu lami inayochepuka Bidbid kuja kwetu na kuendelea mpaka Sur kama kwamba ameimwaga yeye. Alimwambia Jirani kuwa mji usiotaka njia ni mji unaotaka kufa.

"Njia hiyo unayoisifu," Jirani akamjibu, "asubuhi inaondoka na tungule zetu."

Baba alidhani anafanya utani. Hakuwa akitania.

Lazima niseme pia kuwa alikuwa mtu wa kigeugeu. Alihubiri kwamba mjini kwake watu hutimiza saa, na yeye hajawahi kufika kwenye arusi kabla ya watu kuanza kula. Alikwenda kuiona ngome ya Nizwa, akarudi akasema ni nzuri, kasoro haina saa juu. Alipika kabichi kwa siki mpaka paka wa mtaa wakahama, akaila na wali wa nazi. Alimsomea Qur'ani kila maiti wa mtaa, waliompenda na wasiompenda, halafu njiani kurudi anawasema. Na ukimbana kwenye ubishi, ukamfikisha ukutani kabisa, alikuwa na neno moja la kufunga: "Mie nimeona theluji." Sisi hatukuwa tumeona theluji.

Siku moja nilikuja na atlasi ya skuli, nimeikagua Ujerumani yote kwa kidole, nikamwambia mji wake haumo. Nilikuwa na furaha mbaya. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa Oman, akanambia nimwonyeshe Ibra. Tulitafuta mimi na yeye. Nizwa ilikuwepo, Sur ilikuwepo. Sisi hatukuwepo.

"Basi na wewe hupo," akasema. "Toka kwenye kiambaza changu."

Lakini juu ya moto na vita na reli, kilichokuwa moyoni mwake ni soko. Mji wake uliishi kwa soko. Mtawala mmoja wa kale aliwapa ruhusa ya kuuza na kununua siku moja katika wiki, na mji wa pili, ule ulionenepa, ukawaonea kijicho na kujaribu kuwafungia kila ulipopata nafasi. Haukufanikiwa. Katikati ya uwanja palisimama mlingoti, na asubuhi ya soko mzee wa mji alipandisha juu yake fungu la majani makavu. Majani yakiwa juu, ananunua mtu wa mji peke yake, cha kutia chunguni kwake. Wachuuzi waliokuja kutoka mbali na mikokoteni yao walisimama pembeni wakitazama mayai yakipita. Jua likishapanda, mzee anashusha majani, nao wanaruhusiwa kuzoa kilichobaki.

Nimeisikia hadithi ya majani mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu likiitwa kwa upole. Kitu kimoja tu nilikiona, na nilichelewa kukiona. Katika moto walikuwemo wapishi, katika vita wamo askari na bata, katika soko wamo wauza mayai na wachuuzi. Yeye mwenyewe hakuwemo. Miaka yote ile ya huko, na hata mara moja hakusema "nami nilikuwepo nikanunua hiki."

Sasa soko letu. Jumatano wanawake hukaa safu moja chini ya chanja la makuti ya mtende, kila mmoja na jamvi lake: huyu mayai, huyu tungule, huyu samaki waliofika asubuhi ile kutoka Sur. Mwanzo wa safu hukaa Mama Ndimu, bibi wa Kiomani mwenye barakoa usoni na ndimu bora za wilaya nzima. Alikuwepo pia mtu wa pikapu. Nitamwita Bwana Pikapu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa hapa hapa, babu zake wamezikwa nyuma ya msikiti, anaamkia wazee, anachekesha watoto. Ila alikuwa akifika alfajiri, ananunua safu nzima kwa bei anayoitaja yeye, anapakia, anakwenda kuuza Muscat. Mama yangu akija kupata kandambili yake ya pili, sokoni pamebaki vitunguu vyenye makovu.

Nataka ieleweke kuwa Jumatano mimi nilikuwa sokoni na si skuli kwa sababu tumbo langu lilikuwa likiuma Jumatano. Mwalimu wa sayansi alisema ni ajabu ya tiba.

Ndiyo maana nilikuwepo siku Jirani alipokuja na fimbo ya mtende mkononi na kisutu kwapani. Kisutu ni ile kanga ya maharusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, inayoonekana hata na asiyetaka kuona. Akaifunga fimbo kwenye nguzo ya chanja, akatundika kisutu, akatangaza kwa Kiarabu chake cha Unguja kilichopigwa na baridi kwamba nguo hii ikiwa juu ananunua mwenye chungu tu. Wenye magari wangoje.

Bwana Pikapu akasogea, akacheka kwanza, akaona anacheka peke yake.

"Mama," akasema, na adabu yote, "mimi nimezaliwa hapa. Wewe umekuja juzi kwa ndege. Leo mimi ndiye mgeni?"

"Leo unapika nini?" Jirani akamuuliza.

"Mimi sipiki. Nina mke."

"Na mkeo atapika nini katika hivi utakavyopakia?"

Bwana Pikapu akatazama gari lake. Vyote vya kwenye gari vilikuwa vya Muscat.

"Basi," Jirani akasema. "Hapa mwenyeji ni anayepika. Wewe unapakia."

Aliyekasirika zaidi hakuwa Bwana Pikapu. Alikuwa Mama Ndimu. Alimwambia Jirani mbele ya watu kuwa yule bwana humnunulia kikapu kizima, naye akarudi kwa mbuzi wake mapema, na sasa atakaa juani kuuza tatu tatu kwa ajili ya hadithi ya makafiri. Alikuwa na haki yake, na Jirani alilijua hilo, kwa sababu hakujibu ila kwa theluji. Lakini wanawake wa mtaani walianza kuja mapema, mama yangu na kandambili zote mbili, Wabaluchi, mke wa mwalimu wa Kimisri, sisi Zinjibari, kila aliyekuwa na chungu, na kisutu kiliposhuka Bwana Pikapu akakuta ndimu zimepungua. Akawa yeye ndiye anayeuliza bei. Mama Ndimu aliendelea kumnunia Jirani, ila sasa akimnunia akiwa amekaa mkao wa raha.

Bwana Pikapu hakulala. Jumatano ya pili alimleta mkewe na kikapu ambacho ungeweza kumwoshea mbuzi ndani. Jirani akamwamkia vizuri, akamuuliza ana watoto wangapi, akamchagulia ndimu za watoto hao, akamtakia chakula chema. Baada ya hapo akaja kijana wa baladia, wale wa mambo ya usafi wa mji. Alikuwa mpole, amepiga pasi dishdasha yake mpaka unaogopa kumgusa. Akasema yamefika malalamiko, na kutundika nguo kwenye nguzo za soko hairuhusiwi.

"Kutundika ndiko kunakokatazwa?" Jirani akataka kuhakikisha.

"Ndiko, mama."

"Ahsante, mwanangu."

Akaishusha ile fimbo. Akakikung'uta kisutu, akajitanda kichwani juu ya buibui lake, akaenda akasimama katikati ya njia, mbele ya safu.

"Kisutu kiko juu," akatangaza. "Nikikaa chini, ndiyo kimeshuka."

Kijana wa baladia alisimama akifikiri. Nadhani alikuwa akiitafuta kichwani sheria inayomkataza mwanamke kusimama sokoni amevaa nguo. Hakuipata. Jirani akamuuliza anaishi na nani, akasema peke yake, anajipikia. Akaruhusiwa kununua mayai, akaenda zake.

Tangu siku ile bendera ikawa yeye. Kila Jumatano alisimama kutoka alfajiri mpaka jua linapita ukuta wa msikiti, na yale magoti yake. Na Bwana Pikapu, ambaye si mjinga, akaelewa kabla yetu sote kwamba vita sasa ni vya magoti. Wiki iliyofuata alishusha garini kiti. Kiti cha maana, cha barazani kwake, kina mto wa mahameli na mikono ya kuegemea. Akakiweka nyuma ya Jirani, taratibu, kama mtoto anayempenda mama yake.

"Pumzika, mama," akasema. "Umechoka."

Kila Jumatano alikileta. Alikipangusa vumbi. Siku nyingine aliongeza gahawa. Sijaona wema mbaya kama ule. Jirani hakukitazama, lakini mimi nilikuwa nikimtazama yeye, na kila wiki niliona mguu wa kulia unatafuta pa kuegemea na kukosa. Mama alimsihi aache. Akamwambia hizo ndimu si thamani ya miguu yake. Jirani akasema miguu ni yake na ameileta mwenyewe kutoka Ulaya.

Halafu ikafika Jumatano hakuja.

Nilipita kwake alfajiri nikamkuta kitandani, goti limevimba kama nazi, kisutu kimekunjwa kifuani. Hakutaka kuamkiwa. Alinambia niende sokoni nimnunulie ndimu kabla hazijaisha, na akageukia ukutani. Niliondoka bila mzaha wowote, na hilo kwangu ni ugonjwa.

Bwana Pikapu alikuwa ameshafika. Alishusha kiti kwa mazoea, akakiweka pale pale, halafu ndiyo akaona kuwa mbele ya kiti hapana mtu. Alitazama juu na chini. Kisha akavuka, akaenda moja kwa moja mwanzo wa safu, kwa Mama Ndimu, akainama kushika kikapu.

Mama Ndimu akainuka. Alijipangusa majani ya jamvi kwenye nguo, akanyoosha mgongo kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Bwana Pikapu akadhani anainuka kumpimia.

"Bado," Mama Ndimu akasema.

Wa mayai, aliyekaa ubavuni pake, akainuka. Wa tungule akainuka. Mwenye samaki alikuwa na mtoto miguuni, akamkabidhi mwenziwe kwanza, akainuka naye. Ilikwenda hivyo mpaka mwisho wa chanja, na mwisho hapakuwa na aliyekaa. Bwana Pikapu aligeuka akatazama kiti chake. Kilikuwa kimoja.

Nilirudi kwa Jirani mbio na ndimu kwenye ushungi wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kanunua yote?"

Nikamhadithia. Nilimfanyia Mama Ndimu anavyoinuka, nikamfanyia Bwana Pikapu anavyogeuza shingo. Nilitegemea acheke. Aliukunja upindo wa kisutu, akaukunjua, akaukunja tena, na mimi nikajua nikingoja kesho sitouliza.

"Bibi, kule mjini kwako. Majani yakiwa juu, wewe ulikuwa unanunua?"

Alichukua ndimu moja, akainusa.

Akanambia kwamba wakati wake majani yalipandishwa siku moja tu kwa mwaka, siku ya soko kubwa, kwa kukumbuka mambo ya zamani. Watu walikuwa wakicheka tu. Mwaka wake wa kwanza mke wa daktari alimtuma keki za asali za watoto. Mwenye kuuza akamwonyesha juu ya mlingoti kwa kidole, akamwambia wewe ngoja. Watu wote wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, Jirani alisema, ulikuwa ni mzaha, na afadhali ungekuwa ubaya, kwa sababu mzaha hugombani nao. Alisimama na kikapu chake na mvua inanyesha mpaka majani yaliposhushwa. Ndipo akauziwa.

"Na mwaka wa pili?"

"Mzaha ule ule. Mtu yule yule."

"Miaka yote?"

"Yote."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, nikakitafuta, nikakikosa. Nikamwambia: "Na bado unauita mji wako."

"Wangu," akasema. "Wao walikuwa wakipita na vikapu vyao wakenda zao. Aliyesimama pale ni mie. Nani atanambia si wangu?"

Akajaribu kukunja goti, uso ukamkunjika badala yake. Akalala kidogo amefumba macho. Nilidhani amesinzia, nikaanza kuondoka kwa ncha za vidole.

"Kile kiti," akasema. "Amerudi nacho?"

Nikamwambia nilikiacha pale pale njiani, mwenyewe amekaa garini kanuna.

"Kina mto, sivyo?"

"Wa mahameli."

"Vyema. Jumatano naja kukikalia."

Nikamkumbusha kuwa yeye akikaa, ndiyo kisutu kimeshuka, kasema mwenyewe mbele ya watu. Akafumbua jicho moja, akanitazama kwa lile jicho.

"Mwanangu, hivi umesimulia soko gani? Si wamesimama wao?"

Tumbo langu liliuma vizuri sana Jumatano ile. Jirani alikuja amechelewa, kama anavyochelewa arusini, ananiegemea mimi bega moja na mama bega la pili, kisutu kichwani. Safu yote ilikuwa imesimama. Mama Ndimu alimtazama akipita, akamnunia kidogo, halafu akamsogezea jamvi lake lisimkwaze. Bwana Pikapu alikuwa amekiweka kiti na kukipangusa, nadhani kwa mazoea tu. Jirani akageuka, akashika mikono ya kiti, akajishusha polepole, akakaa. Akanyoosha goti. Akauliza kama leo hakuna gahawa.

Jua lilikuwa bado chini. Bwana Pikapu alisimama mbele yake muda mrefu, akahamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule. Mwisho akainama, akamuuliza kwa sauti ndogo kama angeweza kupata kiti chake.

Jirani akamuuliza leo anapika nini.